Mbio za miguu mitupu: Anachopaswa kujua mkimbiaji wa Nairobi

KILA alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya majumba marefu ya katikati mwa jiji la Nairobi, makundi mawili ya watu hupishana kando ya Barabara ya Ngong. La kwanza ni la wafanyakazi wanaotembea kutoka Kibera, Kawangware na Dagoretti kuelekea kazini, wengine wakiwa wamebeba viatu vyao vya kazi ndani ya mkoba ili visiharibiwe na tope. La pili ni la wakimbiaji kutoka Kilimani, Lavington na Karen, waliovaa viatu vya soli nene vilivyowagharimu maelfu ya shilingi, wakitafuta afya kabla ya kuingia ofisini.

Katika kundi hili la pili wapo wachache walioamua kuviacha viatu hivyo nyumbani na kukimbia miguu mitupu. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: mwanadamu alikimbia kwa maelfu ya miaka kabla sponji haijavumbuliwa, na mabingwa wengi wa Kenya walikwenda shule peku. Kwa hiyo, wanauliza, kuna haja gani ya kiatu?

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Anayeishika nusu anaweza kujikuta kwa daktari wa mifupa kabla mwezi haujaisha.

Kumbukumbu ya mashujaa

Historia ya riadha ya Kenya ilianza bila viatu. Mnamo Julai 1954, Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro walishindana katika uwanja wa White City jijini London, miguu yao ikiwa mitupu, mbele ya watazamaji ambao hawakuwa wamezoea kuwaona wakimbiaji Waafrika. Chepkwony hakumaliza mbio zake za maili sita. Maiyoro alimaliza wa tatu katika maili tatu, katika mashindano ambayo Mwingereza Fred Green alivunja rekodi ya dunia.

Miaka sita baadaye, Septemba 10, 1960, Mhabeshi Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki jijini Rome bila viatu, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Naye Tegla Loroupe, aliyelelewa Pokot Magharibi na kuzoea kukimbia kwenda shule tangu utotoni, alishinda mita 10,000 katika Michezo ya Nia Njema ya 1994 na 1998 akiwa miguu mitupu.

Hata hivyo, wanaosimulia habari za Bikila aghalabu huishia Rome. Mwaka wa 1964 alirejea katika Olimpiki ya Tokyo akiwa amevaa viatu, akashinda tena, na safari hii akapunguza muda wake kwa dakika tatu. Hakuwa na uadui na kiatu. Alikuwa na miguu iliyoweza kufanya kazi kwa njia zote mbili.

Utafiti ulianzia Bonde la Ufa

Viatu vya kukimbilia vyenye kisigino kilichoinuliwa na sponji nene vilienea duniani kuanzia miaka ya 1970, pale kukimbia kwa ajili ya afya kulipogeuka kuwa desturi nchini Marekani. Kabla ya hapo, wanariadha wengi walivaa viatu vyembamba visivyo na mto wowote wa kutajika.

Mnamo Januari 2010, Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi uliowalinganisha wakimbiaji wa Marekani na wale wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waligundua kwamba waliozoea kukimbia bila viatu aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisha kisigino hushuka taratibu. Waliozoea viatu hutua kwa kisigino.

Tofauti hiyo si ndogo. Mguu mmoja hugusa ardhi takriban mara 500 katika kila kilomita. Anayetangulia kwa kisigino hupata mshtuko wa ghafla unaopanda mguuni hadi gotini. Anayetangulia kwa sehemu ya mbele huutumia mguu wake kama kamani, kwani misuli ya kigimbi na kano ya kisigino hupokea uzito na kuurudisha. Katika vipimo vya Lieberman, mshtuko huo wa mwanzo ulikuwa karibu thuluthi moja tu ya ule wa wanaotua kwa kisigino.

Wengi waliosoma habari hizo walihitimisha kwamba Wakenya wote wasiovaa viatu hukimbia namna moja. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 2013, watafiti wakiongozwa na Kevin Hatala walichapisha uchunguzi juu ya jamii ya Wadaasanach kaskazini mwa Kenya, ambao pia hukulia bila viatu. Walipokimbia kwa kasi waliyoipenda wenyewe, wengi wao walitua kwa kisigino, na idadi hiyo ilipungua kadiri kasi ilivyoongezeka. Yaani kasi, ardhi na mazoea ya mtu yana uzito sawa na kuwepo au kutokuwepo kwa kiatu.

Sugu si aibu

Jambo jingine lililothibitishwa hapa nchini linahusu sugu, ile ngozi nene ya wayo ambayo watu wa mjini hulipa pesa ili isuguliwe na kuondolewa. Mwaka wa 2019, kundi jingine la watafiti akiwemo Lieberman lilichapisha matokeo ya kuwapima watu wa Kenya na Marekani, wenye kuvaa viatu na wasiovaa. Ilidhaniwa kwamba sugu huua hisia za mguu. Ikaonekana kwamba wenye sugu nene huihisi ardhi sawasawa na wengine, huku wakiwa wamekingwa dhidi ya miiba na mawe.

Soli ya kiatu hukinga pia, lakini huweka pazia kati ya mguu na ardhi. Sugu ni kinga isiyozuia habari kufika. Tatizo ni kwamba haiuzwi dukani, na haimwoti mtu kwa wiki moja.

Wapi watu huumia

Hapa ndipo ulipo mtego. Mtu wa miaka 35 anayefanya kazi katika jengo la Upper Hill, aliyevaa viatu tangu chekechea, ana vifupa vya mguu, kano na vigimbi vilivyokua kwa kutegemea kiatu. Akili yake inaweza kubadili uamuzi kwa siku moja. Mifupa yake haiwezi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young nchini Marekani walilionyesha jambo hili mwaka wa 2013. Waliwachukua wakimbiaji 36 na kuwapa baadhi yao viatu vyembamba vyenye vidole, vinavyoiga mguu mtupu, wavizoee kwa majuma 10. Kati ya 19 waliovitumia, 10 walipatikana na dalili za uvimbe ndani ya mifupa ya mguu, dalili ambazo zikipuuzwa huweza kuishia kwenye ufa wa mfupa. Mwaka wa 2014, kampuni ya Vibram, iliyotengeneza viatu vya aina hiyo, ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba manufaa ya kiafya yaliyotangazwa hayakuwa na ushahidi.

Lakini wauzaji wa sponji nao hawana la kujivunia. Mwaka wa 2022, taasisi ya Cochrane, ambayo hukusanya na kupima ushahidi wa kitabibu, ilichambua majaribio 12 yaliyowahusisha zaidi ya watu 11,000. Haikupata ushahidi thabiti kwamba aina moja ya kiatu cha kukimbilia huzuia majeraha kuliko nyingine.

Kwa ufupi, kiatu kinene huuongezea mzigo goti, na mguu mtupu huuhamishia kigimbi, kano ya kisigino na vifupa vya wayo. Mzigo hauondoki. Unahama tu, na sehemu inayoupokea lazima ipewe muda wa kuuzoea.

Ardhi ya Nairobi

Mazingira nayo yana neno lake. Katikati mwa jiji, kuanzia River Road na Tom Mboya hadi Haile Selassie, si mahali pa kujaribia. Vipande vya chupa, misumari, nyaya zilizobaki baada ya magurudumu kuchomwa, na maji taka yanayofurika mvua inaponyesha ni hatari za kila siku. Lami nayo huwa moto adhuhuri, na kabro zilizong'oka hukata vidole.

Upande wa magharibi hali ni tofauti. Udongo wake ni mwekundu na laini, tofauti na ule mweusi wa mfinyanzi ulioko mashariki na kusini mwa jiji. Bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribia miti ya kuni za garimoshi, ina ekari zipatazo 75 za vijia vya udongo na nyasi, na haiko mbali na katikati mwa jiji. Msitu wa Barabara ya Ngong, ulio karibu na uwanja wa mbio za farasi, nao una vijia vya udongo. Hata huko, mizizi na vigaga vya mikaratusi huhitaji macho, na wakati wa mvua za masika udongo mwekundu huteleza kama sabuni.

Kuna pia hatari zisizoonekana. Minyoo ya safura hupenya kupitia ngozi ya wayo palipo na udongo uliochafuliwa na kinyesi. Funza hupenya katika vidole na visigino palipo na vumbi kavu. Pepopunda huweza kuingia kupitia jeraha dogo la msumari. Kwa hiyo mkimbiaji anapaswa kuhakikisha amechanjwa dhidi ya pepopunda, kuosha na kukagua nyayo zake kila baada ya mazoezi, na kutopuuza jeraha lolote.

Mwenye ugonjwa wa kisukari hapaswi kujaribu kamwe bila idhini ya daktari wake. Maradhi hayo huweza kuondoa hisia za miguu, na jeraha asilolihisi mtu linaweza kumgharimu mguu mzima.

Jinsi ya kuanza

Mwenda pole hajikwai. Majuma mawili ya kwanza yawe ya kutembea tu bila viatu, nyumbani na kwenye nyasi. Baadaye mtu akimbie umbali mfupi, kati ya mita 400 na kilomita moja unusu, akipumzika siku moja katikati, huku akiendelea na mazoezi yake mengine kwa viatu alivyovizoea. Nyongeza ya kila wiki isizidi asilimia 10.

Hatua ziwe fupi na za haraka, magoti yakiwa yamelegea kidogo, na mguu utue chini ya mwili badala ya kutangulizwa mbali mbele. Kisigino kiruhusiwe kugusa chini, kwani kukimbia kwa ncha za vidole pekee huichosha kano upesi. Uchovu wa kigimbi ni wa kawaida. Maumivu makali juu ya wayo au kwenye mfupa ni amri ya kuacha.

Wasiotaka kuvua viatu kabisa wana njia ya kati. Raba za turubai zenye soli bapa, ambazo vizazi vya wanafunzi wa Kenya vilizivaa, hazina kisigino kirefu. Kampuni ya Enda, iliyoanzishwa jijini Nairobi, ilibuni kiatu kiitwacho Iten chenye kisigino kilichoinuka kidogo tu. Na katika soko la Toi, kando ya Barabara ya Ngong, mnunuzi wa mitumba anaweza kuchagua kiatu kwa kukikunja mkononi: kinachopinda kwa urahisi huuacha mguu ufanye kazi yake. Akala za magurudumu ni bapa pia, ila uzito na ugumu wake huzifanya zifae zaidi kwa kutembea.

Chaguo la nani?

Wakati wakimbiaji wa Karen na Lavington wanajadili faida ya kuvua viatu, mabingwa wenyewe wamekwenda upande wa pili. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 jijini Vienna mnamo Oktoba 2019, na marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya saa 2 na sekunde 35 jijini Chicago mnamo Oktoba 2023, wote walivaa viatu vya sponji nene ajabu. Shirikisho la Riadha Duniani lililazimika mwaka wa 2020 kuweka kikomo cha milimita 40 kwa soli za mbio za barabarani.

Mabingwa hao hawakuanza na sponji. Walianza na miaka mingi ya kutembea na kukimbia mashambani, na kiatu kikaja juu ya miguu iliyokwisha kukomaa. Mwiga wa Nairobi huona kiatu akakitamani, au huona mguu mtupu akautamani. Asichokiona ni ile miaka.

Isisahaulike pia kwamba kwa watoto wengi wa Kangemi na Kawangware, kwenda peku hakukuwa falsafa ya afya. Ni kwamba viatu havikuwepo. Mkimbiaji mwenye jozi tatu kabatini anaweza kurudi nyumbani vidole vikimwuma, akavaa viatu kesho yake. Huo ndio uhuru wake, na ni heri autumie kwa subira.