Tshibumba na magunia ya unga

Lubumbashi, mwanzo wa miaka ya 1970. Tshibumba Kanda-Matulu, mzaliwa wa 1947, anatembeza picha zake akitafuta wateja. Uchoraji alijifundisha mwenyewe. Kitambaa cha wachoraji ni ghali, basi anachukua gunia la unga, analifungua, analivuta kwenye mbao, anachora.

Wanunuzi wake wengi ni familia za kawaida zinazotaka picha ya kutundika sebuleni. Mojawapo inayopendwa ni "Colonie Belge": mfungwa kalazwa chini, askari mweusi anamchapa, Mzungu kasimama anaangalia tu. Wachoraji wengine wa Katanga waliichora hiyohiyo, naye aliirudia mara nyingi. Sisi tukiona mtu anarudia picha moja tunasema hana jipya. Mimi naona hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Mkono ukitoka mrefu leo, picha inauzwa hivyohivyo, hela ya rangi inapatikana, kesho anajaribu tena kwenye gunia lingine.

Juu ya moja aliandika 1885-1959. Ukitaka kubishana utabishana: 1885 Kongo ilikuwa mali ya Leopold mwenyewe, Ubelgiji iliichukua 1908, na uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Hata Kifaransa chake kina herufi zilizokosewa. Yeye alisaini jina lake kamili, tena akajiita mwanahistoria.

Vijana ninaokaa nao hapa kambini wanachana karatasi. Nusu ya daftari inaisha kabla uso mmoja haujakubalika, na daftari lenyewe kulipata ni kazi. "Nitaonyesha ikishakuwa nzuri." Kuna binti anachora njia waliyokimbilia, vijiji, mto, mitumbwi. Mwezi wa tatu sasa, hakuna aliyeiona. Simlaumu, kuonyesha kunaogopesha. Ila anayekumbuka majina ya vile vijiji ni bibi yake, na bibi anaumwa.

Turudi Lubumbashi. Mwaka 1973 Tshibumba alikutana na mtafiti Johannes Fabian, wakakubaliana achore historia ya nchi yote. Mpaka 1974 zilikuwa zimetoka picha 101, kuanzia enzi za mababu mpaka Mobutu, Lumumba akiwa moyo wa hadithi. Wakakaa pamoja, kaseti inazunguka, Tshibumba anaeleza picha kwa Kiswahili cha Katanga, tofauti kidogo na chetu cha Kivu. Hebu piga hesabu, picha 101 kwa muda mfupi vile. Zingine zina haraka, unaiona kabisa kwenye vidole na kwenye magari. Angefuta kila kidole, sijui kama angefika hata kwenye uhuru.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakusikika tena. Fabian alitoa kitabu cha picha zile na mazungumzo yao mwaka 1996, na magunia yenyewe yalihifadhiwa Tropenmuseum, Amsterdam.