Chuo Kikuu na Jirani Zake wa Mosoriot

Msomaji, ukitoka mjini Eldoret na kushika njia iendayo Kapsabet, hutakwenda mbali sana kabla ya kufika Mosoriot, katika nchi ya Wanandi. Mahali penyewe si pa kumsimamisha msafiri. Pana maduka, pana chuo cha walimu, pana mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na pana kituo cha afya mfano wa vituo vingine vingi vya Kenya. Walakini katika kituo hicho kulitendeka jambo ambalo yafaa ulijue, hasa ikiwa unatumaini kuingia chuo kikuu siku moja.

Ili kulifahamu jambo hilo hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka wa 1963 haikuwa na mahali pa kufundishia madaktari. Vijana waliotaka kazi hiyo walikwenda Makerere katika Uganda. Shule ya udaktari ilifunguliwa Nairobi mwaka wa 1967, na mwaka wa 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikasimama peke yake. Wanafunzi walizidi kuongezeka, na chuo kimoja hakikuweza kuwatosha. Basi mwaka wa 1981 serikali iliteua tume iliyoongozwa na Colin Mackay, mtu wa Kanada, ichunguze habari ya chuo cha pili. Tume ilishauri kwamba chuo hicho kiwepo, na kwamba masomo yake yaelekee ufundi na maendeleo ya mashambani. Hivyo ndivyo Chuo Kikuu cha Moi kilivyozaliwa mwaka wa 1984, kikaanza na wanafunzi 83 wa elimu ya misitu waliohamishwa kutoka Nairobi.

Maneno ya tume ni mepesi kuandikwa. Chuo chaweza kujengwa katikati ya mahindi na bado kikawa mbali na mkulima. Huenda hata kijijini kwenu wamepata kufika wageni wenye elimu, wakauliza mna ng'ombe wangapi, maji mwayateka wapi, choo kiko upande gani. Kisha wakaondoka na karatasi zao, na jibu lisirudi hata leo. Watu wa mashambani huwapokea wageni hao kwa adabu na kuwapa chai, lakini hawawasahau.

Shule ya udaktari ya Moi, ambayo mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Haroun Mengech, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1990. Waasisi wake waliamua kwamba mwanafunzi asikae miaka mingi akisikiliza mihadhara tu ndipo aonyeshwe mgonjwa. Tangu mwanzo atapewa matatizo ya kutatua, na tena atapelekwa kwenye vituo vya afya vya mashambani, akae huko kwa majuma kadha, arudi, na mwaka mwingine apelekwe tena. Huko alitakiwa kujua kwa nini watoto wanaharisha, kisima kiko umbali gani, ni akina mama wangapi hawakuleta watoto kuchanjwa na ni kitu gani kilichowazuia. Kijana aliyeingia chuoni akidhani kwamba ugonjwa hukaa ndani ya mwili, aligundua kwamba mara nyingi hukaa njiani, mtoni na mfukoni.

Wakati huo huo shule hiyo ilipata mwenzi kutoka Marekani, nacho kilikuwa Chuo Kikuu cha Indiana, chuo cha umma kama cha Moi. Madaktari wake walikubali kwamba daima mmoja wao aishi Eldoret pamoja na jamaa yake, akifundisha na kutibu bega kwa bega na Wakenya. Nionavyo mimi, neno kubwa katika mapatano hayo ni kule kuishi. Mgeni wa juma moja huona shida. Mkazi huonwa na shida, wala hana pa kujificha.

Kisha ukaja UKIMWI. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1999 serikali ilitangaza kwamba maradhi hayo ni janga la taifa. Katika hospitali ya Eldoret, kama katika hospitali nyingi nchini, wodi zilijaa vijana waliokuwa wakifa, na madaktari hawakuwa na la kuwapa ila dawa za kupunguza maumivu. Dawa za kuzuia virusi zilikuwako duniani. Tangu mwaka wa 1996 wagonjwa wa nchi tajiri walikuwa wakiinuka vitandani kwa ajili yake. Lakini bei yake huko ilipita dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Tena walikuwako wakubwa waliosema kwamba hata dawa zikipatikana, Mwafrika hataweza kuzitumia. Mwaka wa 2001 mkuu wa shirika la misaada la serikali ya Marekani, Andrew Natsios, alidai hadharani kwamba Waafrika wengi hawajui kutumia saa, na kwa hiyo hawawezi kumeza dawa kwa wakati wake. Msomaji, kumbuka jina la shirika hilo, maana tutakutana nalo tena.

Mwaka wa 2000 daktari Joe Mamlin wa Indiana, akipita wodini Eldoret, alimkuta miongoni mwa wanaokufa mwanafunzi wa udaktari wa chuo kile kile. Mamlin akamtafutia dawa kwa njia zake mwenyewe. Yule kijana, aliyekuwa mifupa mitupu, akapata nafuu, akasimama, na hatimaye akafanya kazi ya kuwasaidia wagonjwa wenzake. Furaha ilikuwa kubwa, lakini ilileta swali chungu. Huyu ameponea kwa sababu ni mwanafunzi wetu. Je, mkulima wa kitanda cha pili?

Jibu lilianza mwaka wa 2001, kwa mpango ambao hata leo wajulikana kwa jina la AMPATH. Kliniki mbili zilifunguliwa, moja katika hospitali ya Eldoret na ya pili huko Mosoriot, na Profesa Sylvester Kimaiyo wa Chuo cha Moi akawa miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo. Angalia kwamba Mosoriot haikungojea mjini kushibe kwanza. Mwaka huo huo kituo hicho kidogo kilianza kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta, na kutokana na kazi hiyo ukatokea mtambo wa kumbukumbu uitwao OpenMRS, ambao sasa unatumika katika nchi nyingi. Bei ya dawa nayo ilikuwa imeanza kuanguka: kiwanda cha Cipla cha India kilijitolea mwaka wa 2001 kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka. Wanandi wakameza dawa zao kwa wakati, saa au pasipo saa.

Hapo jirani wakaanza kukifundisha chuo. Wagonjwa walirudi kliniki na kusema, dawa mmetupa, lakini zinaamsha njaa na nyumbani hamna chakula. Ng'ombe tumemuuza tulipougua. Madaktari hawakufundishwa kilimo. Hata hivyo shamba likalimwa Mosoriot, na mgonjwa akaandikiwa mboga na mayai katika karatasi kama anavyoandikiwa vidonge. Baada ya kushiba wakasema, sasa tuna nguvu na hatuna kazi. Karakana ya kazi za mikono ikafunguliwa Eldoret. Tangu mwaka wa 2007 wahudumu walikwenda nyumba kwa nyumba kupima watu, kwa kuwa walitambua kwamba anayekuja kliniki ni yule aliyekwisha kuzidiwa.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, nchi ile ile iliwaka moto, na maelfu ya watu wakakimbilia kambini, wengine bila dawa zao. Watumishi wa mpango, ambao wenyewe walikuwa wa makabila yaliyokuwa yakigombana, waliwatafuta wagonjwa kambini, wakatangaza redioni na kutoa nambari ya simu ya kupiga. Kufikia mwaka wa 2010 wagonjwa walioandikishwa tangu mwanzo walipita 100,000.

Haya yote hayakufanyika bila fedha, na fedha nyingi kuanzia mwaka wa 2004 zilitoka Marekani, zikipitia shirika lile lile la Natsios. Mwezi wa Januari mwaka wa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki za Kenya zilizoitegemea zikatikisika. Mpango uliojengwa kwa adabu kubwa ya ujirani ulikuwa umelishwa na mkono wa mbali. Lawama hiyo si ya Eldoret peke yake. Sisi sote tulifurahi kumwacha mwingine alipe. Wahudumu waliotembea matopeni wakibisha milango, na wanafunzi waliolala katika vituo vya afya hawakuletwa na fedha hizo. Wanafunzi walianza kwenda huko miaka kumi na zaidi kabla hazijaja.