Kukatizwa na Kurejea: Hebaria ya Amani katika Milima ya Usambara, 1902–1950

Historia ya taasisi za utafiti Afrika Mashariki huandikwa zaidi kwa kufuata waasisi, sera na bajeti. Makala haya yanafuata swali jingine: kumbukumbu za kisayansi hunusurikaje kazi inapokatika ghafla? Hoja inayotetewa ni kwamba hebaria ya Amani, yaani mkusanyo wa mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, haikuokolewa na uimara wa taasisi iliyoimiliki. Iliokolewa na nambari za karatasi zake, na kwa kuwapo kwa nakala katika zaidi ya mahali pamoja.

Kanuni hiyo huonekana wazi katika maktaba za kisasa za kanda za sumaku, ambamo mkono wa mashine huchukua kanda kutoka rafuni na kuipeleka kwenye kisomeo. Umeme ukikatika mkono ukiwa njiani, orodha ya mwisho haiwezi tena kuaminika. Mtambo unapowaka hukagua rafu upya, husoma msimbo wa kila kanda, hulinganisha na orodha, kisha kanda iliyokwama hurudishwa mahali pake. Kanda iliyoharibika huokolewa na nakala yake, kama ipo.

Taasisi ya Biolojia na Kilimo ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika Usambara Mashariki. Upande wa magharibi, Lushoto, wakati huo Wilhelmsthal, ilikuwa kituo cha utawala. Chini ya Franz Stuhlmann, na baadaye Albrecht Zimmermann, Amani ilijaribu mazao ya kigeni, ikiwemo miti ya kwinini, na kukusanya mimea ya misitu. Karl Braun, mtaalamu wa mimea aliyefika mwaka 1904, alikuwa miongoni mwa wakusanyaji wakuu. Jambo la msingi ni kwamba nambari zilikuwa za hebaria yenyewe: mimea ya Braun, ya Zimmermann na ya wengine iliingia katika mfululizo mmoja. Nakala zilipelekwa Berlin.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikata kazi hiyo. Waingereza waliitwaa Amani mwaka 1916, na katika miaka ya mwanzo ya 1920 taasisi ilidhoofika kwa kukosa fedha na wataalamu. Ripoti ya tume iliyoongozwa na W. Ormsby-Gore, iliyotolewa mwaka 1925, ililaumu hali hiyo. Mwaka 1927 kituo kilifufuliwa chini ya William Nowell, kwa ajili ya makoloni yote ya Afrika Mashariki. Hebaria iliangukia mikononi mwa Peter Greenway, aliyetunga pia kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Utawala, lugha ya ofisi na watumishi vilikuwa vimebadilika. Nambari za karatasi zilibaki zikisomeka.

Thamani ya nambari hizo ilidhihirika Machi 1943, mabomu yalipoteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin. Karatasi nyingi ambazo spishi zilielezwa kwazo kwa mara ya kwanza ziliangamia. Iliyokuwa nakala ya pembezoni ikageuka ushahidi uliosalia. Ndiyo maana Flora of Tropical East Africa, iliyochapishwa kati ya 1952 na 2012, hutaja mara kwa mara nambari za hebaria ya Amani: asili imeteketea Berlin, nakala ipo Afrika Mashariki.

Hata hivyo, kurejea huko hakukuwa kamili. Mwaka 1950 hebaria ilihamishiwa Nairobi, baada ya utafiti wa kilimo kuhamia Muguga. Miti iliyopandwa na Wajerumani ilibaki Amani, na karatasi zikavuka mpaka. Kwa mtafiti wa Usambara, mmea na kumbukumbu yake vikatengana kwa uamuzi wa kiutawala, si kwa vita wala moto. Nambari iliweza kuonyesha karatasi ni ipi na inahusu nini. Haikuweza kuamua ikae wapi, wala nani aifikie kwa urahisi. Hapo ndipo suala la uhifadhi linapokuwa suala la umiliki.