Wimbo Uliosimama Nje ya Mlango

Katika muziki wa jazi zipo nyimbo zinazorekodiwa tena na tena, kizazi hata kizazi. Mtunzi huutoa wimbo mara moja, kisha wapigaji wengine huupokea, huupiga kwa namna yao, na kuwaachia watakaokuja. Sisi tunaofundisha historia ya Kanisa hatuoni jambo hilo kuwa geni. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba aliwakabidhi yale ambayo yeye mwenyewe aliyapokea. Kupokea na kukabidhi ni kazi ya Kanisa tangu mwanzo. Hapa tunafuata wimbo mmoja tu, "Come Sunday", yaani "Jumapili Ifikapo", wa mwanamuziki Mmarekani mweusi Duke Ellington. Tunaufuata kwa sababu kila ulipopigwa upya uliuliza swali lilelile: nani ameachwa nje ya mlango wa kanisa?

Wimbo huu ulisikika tarehe 23 Januari 1943 katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Ulikuwa sehemu ya utungo mrefu wa dakika zipatazo 45 uitwao "Black, Brown and Beige", ambao ulisimulia kwa vyombo historia ya watu weusi wa Marekani tangu utumwani. Baada ya sehemu inayoeleza kazi ngumu ya watumwa inakuja Jumapili. Ellington alitaka tuwaone watumwa wamesimama nje ya kanisa la mabwana zao, wakisikiliza uimbaji wa ndani, nao wakiomba kimyakimya hapo walipo. Hapakuwa na mwimbaji. Johnny Hodges alipiga tuni hiyo kwa saksafoni, polepole, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

Wahakiki wengi hawakuupokea vizuri utungo huo. Ellington aliupiga mzima mara chache tu, kisha akauacha. Desemba 1944 alirekodi vipande vyake kwa kampuni ya RCA Victor, na "Jumapili Ifikapo" ikawa mojawapo. Upande mmoja wa santuri za siku zile haukubeba zaidi ya dakika tano hivi, kwa hiyo historia ya watu wengi ililazimika kukatwakatwa. Hata hivyo, kipande hiki kilichokatwa ndicho kilichoishi kuliko utungo wenyewe.

Mwaka 1958 Ellington aliurudia wimbo huo na kumwita Mahalia Jackson aimbe. Mama huyu, mzaliwa wa New Orleans na mwana wa kanisa la Kibaptisti, alijulikana kote kwa nyimbo za Injili, na alikuwa amekataa kuimba katika vilabu vya usiku. Wala hakulegeza msimamo huo. Yeye hakwenda klabuni, bali bendi ya jazi ndiyo iliyomfuata mahali pa sala. Sasa tuni ya Hodges ilikuwa na maneno, yaliyoandikwa na Ellington mwenyewe: ombi kwa Mungu Mwenyezi awaangalie watu wake mpaka wavuke. Katika kurekodi huko Ellington alimtaka pia aimbe Zaburi ya 23, naye akaimba. Waliosimama kimya mwaka 1943 walipata sauti miaka 15 baadaye, na sauti hiyo ilitoka kanisani.

Kutoka hapo wimbo ukasambaa. Mwaka 1959 Abbey Lincoln aliurekodi. Mwaka 1963 Eric Dolphy aliupiga kwa klarineti ya bezi akiwa na Richard Davis peke yake kwenye bezi. Hapakuwa na bendi wala ngoma. Ni watu wawili tu, kama waumini wawili waliobaki baada ya ibada. Hakuna mmoja kati yao aliyemwiga Mahalia, na hakuna aliyeupotosha wimbo. Tuni ni ileile, unaitambua mara moja, lakini kila mmoja aliileta na maisha yake mwenyewe. Hivi ndivyo tunavyoelewa mapokeo yaliyo hai. Anayekariri tu bado hajapokea, na anayebadilisha mpaka wimbo usitambulike hana tena cha kukabidhi.

Tarehe 16 Septemba 1965 mlango ulifunguka. Ellington alialikwa kufanya tamasha la muziki mtakatifu katika Kanisa Kuu la Grace, la Kianglikana, jijini San Francisco. Esther Marrow aliimba "Jumapili Ifikapo" ndani ya kuta za kanisa. Kisha bendi ikaipiga tuni hiyohiyo kwa mwendo wa kasi, na mchezaji Bunny Briggs akacheza kwa viatu vinavyogonga sakafu, akikumbusha jinsi Daudi alivyocheza mbele za Bwana. Ombi la watu waliosimama nje likageuka kuwa shangwe ya watu walio ndani, na noti zake hazikubadilika.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1966, tamasha hilo lilipoandaliwa jijini Washington, umoja wa wachungaji wa Kibaptisti wa mji huo ulikataa kuliunga mkono. Walisema muziki huo ni wa kidunia mno, na mpigaji wake ni mtu wa vilabu vya usiku. Tusiwadharau wachungaji hao. Kulinda ibada ni wajibu wetu pia, na si kila kinachopendeza masikio hujenga imani. Lakini walipouliza wimbo huu umepigwa wapi, walisahau kuuliza umetoka wapi. Ulitoka kwa watu waliokuwa wakiomba. Kama Kanisa lingewafungulia watu hao mlango tangu mwanzo, pasingekuwa na haja ya wimbo huu kuanza safari yake katika ukumbi wa matamasha.

Katika miaka hiyohiyo, mchungaji mmoja wa Kilutheri alichukua njia nyingine. John Garcia Gensel, mzaliwa wa Puerto Rico, aliwatumikia wanamuziki wa jazi wa New York. Aliwafuata kwenye vilabu walikofanya kazi, akawafungisha ndoa, akawazika. Mwaka 1965 alianzisha ibada za jioni ya Jumapili zenye muziki wa jazi, maana mtu aliyepiga tarumbeta mpaka alfajiri hawezi kuwahi ibada ya asubuhi. Ellington alimtungia kipande katika tamasha lake la pili la muziki mtakatifu, mwaka 1968, akimwita mchungaji alindaye kundi la usiku. Gensel hakuligeuza kanisa kuwa klabu. Alitambua tu kwamba kondoo wake wana saa zao.

Tanzania nayo imeyajua maswali haya. Mwaka uleule wa 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, aliandika "Mfurahini, Haleluya" na kuuweka katika tuni ya Kihaya. Leo Walutheri wa Ujerumani na Marekani huuimba wakati wa Pasaka kwa lugha zao. Tuni ya nyumbani iliingia kanisani ikabeba habari ya ufufuo, na habari hiyo haikupungua kitu.

Mwaka 2010 mpiga kinanda Hank Jones, mwenye umri wa miaka 91, alirekodi "Jumapili Ifikapo" pamoja na mpiga bezi Charlie Haden. Miezi michache baadaye alifariki. Aliuchukua wimbo ambao wengi walikuwa wameupiga kabla yake, akaupiga kwa utulivu, akauacha kwa wengine.

Wimbo huo haujaacha kutuuliza. Katika sharika zetu wapo vijana wanaopiga gitaa katika bendi Jumamosi usiku, na Jumapili wanasimama karibu na dirisha la kanisa, hawana hakika kama wanakaribishwa. Wengine wanajua tenzi zetu kuliko sisi. Kabla hatujajadili gitaa lao, ndugu msomaji, tutoke nje tukawaulize majina yao.