Sailensa ya bunduki: kutoka Hartford hadi mashamba ya miwa ya Durban

Kwa Kizulu muwa ni umoba, na Mobeni maana yake ni penye miwa. Leo huoni muwa pale. Ukitoka katikati ya jiji la Durban kuelekea kusini, mwendo wa kilomita 10 hivi, unakuta viwanda, maghala, reli na malori yanayosubiri zamu. Hadi mwaka 2010, uwanja wa ndege wa zamani ulipofungwa, ndege nazo zilipita chini chini juu ya mapaa hayo. Miwa imesogea mbali, kwenye vilima vya pwani ya kaskazini na kusini ya KwaZulu-Natal, na iliposogea ndipo ilipo bado bunduki ndogo ya .22, bunduki ya kanga, sungura na ndezi.

Katika maduka ya silaha ya Afrika Kusini, bunduki hiyo huuzwa pamoja na mrija mdogo unaotoshea kiganjani, wa alumini au titani, ambao mara nyingi hauzidi gramu 100 na ushei. Hukazwa kwa kuzungushwa kwenye mdomo wa mtutu. Aina za siku hizi huja kwa vipande: ongeza kipande bunduki iwe kimya zaidi, punguza kimoja iwe fupi na nyepesi. Bunduki yenyewe hainunuliwi bila leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha Na. 60 ya mwaka 2000. Mrija huo hauhitaji leseni. Na Waafrika Kusini wanapozungumza Kiingereza huuita kwa neno lile lile wanalotumia kwa kifaa cha kupunguza kelele kwenye bomba la moshi la lori, yaani sailensa.

Sisi tuna maneno mawili. Ile ya pikipiki ni sailensa, na kijana yeyote wa bodaboda atakuonyesha ilipo. Ile ya bunduki ni kiwambo cha sauti, neno ambalo wengi wetu tulilipata kwenye riwaya za upelelezi. Kizazi changu kilikesha na Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba aliyeanza kazi katika Kufa na Kupona mwaka 1974 na kuendelea kupambana na vibaraka wa makaburu. Katika riwaya za namna hiyo, mtu akifunga kiwambo kwenye bastola ulijua kuna atakayelala chini kabla ukurasa haujaisha. Kwa hiyo lugha yetu imekichukua kifaa kimoja ikakigawa: nusu ikaenda gereji, nusu ikaenda kwa wauaji. Nimeifuatilia historia yake nikitaka kujua kama mgawanyo huo ni wa haki.

Hadithi inaanza na kelele, na kelele hiyo sisi tuliisikia mapema. Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alitengeneza mwaka 1884 bunduki iliyotumia nguvu ya mshindo wa risasi moja kujipakia nyingine. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliondoka Unguja na wapagazi zaidi ya 600 kwenda kumtafuta gavana Emin Pasha kwa kuzunguka njia ya Kongo, na miongoni mwa mizigo ilikuwamo bunduki ya Maxim.

Tarehe 24 Januari 1892 Lugard, kapteni Mwingereza, aliitumia Maxim pale Mengo, na siasa za Buganda zikageuka. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Mahenge wakakutana na rashasha za Wajerumani, silaha zilizozaliwa na ubunifu wa Maxim huyo huyo. Kiswahili kiliipa silaha hiyo jina kutokana na mlio wake: bombom. Tangu hapo, kelele yenyewe ikawa sehemu ya utawala. Kabla ya hapo pwani ilikuwa imeizoea bunduki kama kitu cha kusikika. Msafara ulipokaribia mji ulifyatua hewani kutangaza kwamba umefika, na mizinga ilipigwa kwa sherehe na kwa kufuturu. Bunduki isiyolia ingeonekana mbovu.

Maxim mwenyewe aliharibika masikio. Miaka ya kusimama kando ya silaha zake ilimfanya kiziwi uzeeni. Mtoto wake, Hiram Percy Maxim, mhandisi aliyeishi Hartford, Connecticut, alishika njia iliyo kinyume. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia bafuni, alipoyaona maji yakizunguka kabla ya kuingia kwenye tundu la kutolea maji. Kama gesi ya baruti ingezungushwa vivyo hivyo, ingetoka polepole bila kupiga ukelele. Tarehe 30 Machi 1909 alipata hataza ya Marekani namba 916,885. Siku 22 baadaye Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alishuka Mombasa kuanza safari yake kubwa ya uwindaji. Baadaye naye alikuwa miongoni mwa wateja wa Maxim.

Percy alikiuza kifaa chake bila kificho, kwa walenga shabaha na wawindaji, na kwa watu waliotaka kufanya mazoezi bila kuwaudhi majirani. Kisha akaona kwamba dunia ina kelele nyingi kuliko za bunduki. Kampuni yake ikageukia injini, na hatimaye bunduki zikaachwa, ukabaki utulivu wa mitambo. Kwa hiyo sailensa ya gereji na kiwambo cha riwaya vimepita katika karakana ya mtu mmoja. Mwaka 1934 Marekani iliviwekea viwambo kodi ya dola 200, mara nyingi zaidi ya bei ya kifaa chenyewe wakati ule. Kodi hiyo ilidumu kwa kiwango kile kile hadi mwisho wa 2025, iliposhushwa hadi sifuri.

Katikati ya hapo vita vilikuwa vimeingia. Katika Vita vya Pili vya Dunia majasusi wa Marekani walipewa bastola ya High Standard ya .22 yenye kiwambo. Rubani wa kijasusi wa Marekani, Gary Powers, alikuwa na silaha ya namna hiyo ndege yake ya U-2 ilipotunguliwa Urusi tarehe 1 Mei 1960. Ile .22, risasi ambayo mkulima huiona ndogo mno hata kwa paa, ilichaguliwa kwa sababu ya udogo wake, maana baruti ikiwa kidogo, kelele ya kumezwa nayo ni kidogo.

Halafu ikaja Paris. Asubuhi ya tarehe 29 Machi 1988, ikiwa imebaki siku moja hataza ya Percy Maxim itimize miaka 79, Dulcie September alikuwa akifungua mlango wa ofisi ya ANC katika mtaa wa Petites-Écuries. Alikuwa mwalimu kutoka Cape Town. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5 mwaka 1964, akaenda uhamishoni 1973, na sasa alikuwa mwakilishi mkuu wa chama chake nchini Ufaransa. Alipigwa risasi 5 kutoka nyuma kwa silaha ya .22 yenye kiwambo. Alikuwa na miaka 52. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo chake. Siwezi kuandika juu ya gramu na vipande vya kifaa hiki bila kumtaja, na sidhani mtu yeyote wa Afrika Kusini anayekiuza anapaswa kuwa halijui jina lake. Neno letu la riwayani halikutudanganya.

Hata hivyo, ukiitazama Durban ya leo, hofu ya bunduki haitoki kwenye ukimya. Katika hosteli ya Glebelands huko Umlazi, kilomita chache kutoka Mobeni, watu zaidi ya 100 wameuawa tangu mwaka 2014, na wengi walipigwa risasi kwa milio iliyosikika jengo zima. Muuaji wa kukodiwa, anayeitwa inkabi kwa Kizulu, hana haja ya kuficha mlio ikiwa mashahidi wataogopa kusema. Kiwambo cha .22 kimebaki zaidi mashambani na kwenye viwanja vya shabaha, na huko ndiko kinakofaa kupimwa.

Nikianza na masikio, .22 ya mtutu mrefu hutoa mlio wa takriban desibeli 140, kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa mpaka wa hatari kwa mshindo mmoja. Kiwambo kizuri hukishusha hadi kama 115. Hilo si lile “puu” la sinema. Bado ni sauti kali. Lakini desibeli 25 zinaweza kutenganisha mzee anayesikia wajukuu wake na mzee anayewaomba warudie kila neno. Maxim baba angetoa mali nyingi kuzipata. Hata hivyo mimi bado ningevaa viziba masikio.

Uzito una maana kubwa kuliko unavyosikika dukani. Bunduki ya .22 ni nyepesi, na gramu 200 zikining'inia mwisho wa mtutu huivuta chini na kuhamisha mahali risasi inapopiga. Ndiyo maana mafundi walihama kutoka chuma kwenda alumini na titani. Alumini ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini huchakaa upesi ikipigwa mfululizo. Titani huvumilia, na bei yake huonyesha hivyo.

Vipande navyo vina jambo lake. Mkulima anayepenya kwenye miwa iliyomzidi kimo anataka kifupi, na aliyelala uwanjani kulenga karatasi hakerwi na kirefu. Lakini kwangu faida kubwa ya kifaa kinachofunguka ni usafi. Risasi za .22 huwashwa kwa kemikali iliyofichwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda, na kichwa chake kwa kawaida ni risasi tupu, yaani madini yenyewe, kilichopakwa nta. Kila mshindo huacha ndani masizi na vumbi la madini hayo. Baada ya mamia ya risasi kifaa kisichofunguka hugeuka tofali dogo: kizito, na kelele inarudi. Vumbi hilo ni sumu. Anayekisafisha jikoni kwenye beseni la vyombo anawalisha watoto wake, na laiti kila duka lingemwambia mnunuzi hivyo kabla hajalipa.

Wazoefu huusikiliza zaidi mlio wa kwanza. Hewa iliyomo ndani ya mrija bado ina oksijeni, gesi ya moto ikiikuta huwaka tena, na mlio huo huwa mkubwa kuliko inayofuata. Jambo jingine ni mwendo wa risasi. Ikipita mita 343 kwa sekunde, mwendo wa sauti hewani penye joto la nyuzi 20, huchana hewa kwa mlio ambao hakuna mrija unaoweza kuuzuia, kwa kuwa unazaliwa njiani, nje ya bunduki. Kwa hiyo wanaotaka ukimya hununua risasi za mwendo wa chini ya huo.

Hapo ndipo anayekijaribu kwa mara ya kwanza hushtuka. Mlio wa baruti umeshuka, hewa haikuchanwa, na sikio lililozoea mshindo linabaki na nafasi tupu. Katika nafasi hiyo husikika kitu ambacho miaka yote kilikuwa kimefunikwa na kelele: kishindo kidogo, kizito, mita 50 mbele, cha risasi inapofika.