Nani Atapewa Leseni?

Kila uchaguzi ukikaribia, Kisumu hujaa wakulima wa bangi wasio na shamba. Pita kibanda chochote cha chai pale Kondele utawasikia wasee wakipiga hesabu: ekari moja kule Nyando, magunia mangapi, kilo moja dola ngapi. Mimi huwasikiliza kwa hamu, maana kukosa kazi nakujua vizuri kama wao. Ila nimesoma historia, na historia ya upande huu wa ziwa ina swali ambalo hesabu zao hulirukia: siku ikiruhusiwa, nani atapewa leseni?

Tuanze na sheria ilivyo. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inasema anayelima bangi anaweza kupigwa faini ya shilingi 250,000, au mara tatu ya thamani ya mimea hiyo sokoni, yoyote iliyo kubwa. Au afungwe hadi miaka 20. Au vyote viwili. Mwenye shamba akikubali ilimwe kwake, naye ana kesi. Kwa hivyo ule mpango wa kukodi shamba la mjomba unamweka mjomba ndani pia.

Marufuku yenyewe tuliirithi. Serikali ya kikoloni ilipiga bangi marufuku hapa mwaka wa 1914. Mwaka wa 1925, mkutano wa Geneva uliokuwa ukijadili afyuni ukaiingiza bangi katika mkataba wa kimataifa. Wakati huo watu wa ziwa walikuwa na jina lao la mmea huu: Wajaluo wanauita njaga, na Waganda ng'ambo ile wanauita enjaga. Jina likishavuka maji namna hiyo, ujue mmea wenyewe umekaa.

Sasa njoo kwenye kahawa, maana hapo ndipo somo lilipo. Kwa miaka mingi ya ukoloni, kahawa ilikuwa halali kwa mzungu na haramu kwa Mwafrika, nchi ile ile, udongo ule ule. Walowezi walisema Waafrika wataleta magonjwa ya mimea, wataiba kahawa ya mashamba makubwa, wataharibu ubora. Wasichokisema sana ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hawezi kwenda kuchuma ya mwingine kwa mshahara mdogo. Ni katika miaka ya 1930 ndipo Waafrika waliruhusiwa kuipanda, tena kwa kiasi kidogo na chini ya uangalizi, katika sehemu chache kama Meru na Kisii. Kisii hapo juu, si mbali na sisi. Mbuni haukubadilika hata jani moja. Kilichobadilika ni orodha ya watu wenye ruhusa.

Utasema hayo ni ya mkoloni. Haya, tuje kwa chang'aa. Sheria ya 1980 iliipiga marufuku kabisa. Mwaka wa 2010 Bunge likapitisha sheria mpya ya vileo, ile tunayoiita sheria ya Mututho, na chang'aa ikawa halali. Umewahi kuona kina mama wa Obunga wakisherehekea? Sheria ilitaka leseni, viwango vya ubora, na chupa isiyopungua mililita 250. Mama anayepika kwa pipa kando ya mtaro hana kiwanda wala mashine ya kujaza chupa. Kinywaji kikatoka kifungoni, yeye akabaki kukimbizana na makarao.

Ukiangalia majirani, bangi inafuata njia hiyo hiyo. Lesotho ilikuwa ya kwanza Afrika kutoa leseni ya bangi ya dawa, mwaka wa 2017, ingawa wakulima wake wa milimani walikuwa wameilima vizazi na vizazi. Rwanda iliidhinisha kilimo cha kuuza nje mwaka wa 2020, na kanuni zake zinadai uzio maradufu, kamera na minara ya walinzi. Uganda, tunaogawana nayo maji haya, masharti ya wizara ya afya yaliyotangazwa kwa wawekezaji yalitaja mtaji wa angalau dola milioni 5. Rudi pale Kondele na hesabu ya ekari moja, uone kama inafika hata kwenye lango.

Kwetu, wanasiasa wawili ndio waliosukuma jambo hili hadharani. Mwaka wa 2018, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alianza kutayarisha mswada. Alitaka wakulima na watumiaji wasajiliwe, na waliohukumiwa kwa kutumia bangi wafutiwe rekodi. Alifariki Julai 2019. Kisha 2022 akaja George Wajackoyah, akaahidi bangi italipa madeni ya taifa. Vijana walimshangilia kila alikosimama, lakini kwenye sanduku alipata kura 61,969. Katikati ya hao wawili, Desemba 2020, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa vikali zaidi, Kenya ilisema hapana. Hoja ilipita kwa kura 27 dhidi ya 25.

Siku moja serikali itabadili msimamo, maana pesa ni pesa. Siku hiyo kelele zote zitakuwa juu ya neno "halali". Mimi naomba tuangalie maandishi madogo. Ada ya leseni ni ngapi? Je, chama cha ushirika cha wakulima wa nusu ekari kinaweza kuomba, ama ni kampuni peke yake? Aliyewahi kufungwa kwa misokoto miwili atahesabiwa kuwa mtu mwenye ujuzi, au atakataliwa kwa sababu ya rekodi ile ile? Katika hoja za Okoth, ile ya kufuta rekodi ndiyo iliyozungumzwa kidogo zaidi, na mimi naona ndiyo iliyokuwa na uzito. Bila hiyo, kijana aliyelala korokoroni kwa ajili ya mmea huu atauona siku moja umepandwa kihalali, na yeye yuko nje ya uzio maradufu, ameajiriwa kulinda lango.