Kamera ya Madirisha Mawili

Katika nyumba nyingi za Kyela, toka Ipinda mpaka Matema, mgeni akaribishwapo ndani huiona picha ya mzee ukutani. Akiuliza, "Huyu ni nani?" wenyeji humjibu upesi, "Ni babu yetu." Akiuliza tena, "Na huyu aliyesimama kando yake?" mara nyingi wenyeji hutazamana. Leo twapenda kueleza habari za kamera, jinsi ilivyofika kwetu, jinsi ilivyobadilika, na kwa nini kamera za zamani zatafutwa sana hata sasa. Kisha tutarudi kwa yule mtu wa kando, maana habari zake ndizo khasa tuzitakazo.

Kamera iliingia katika nchi za kaskazini ya Ziwa Nyasa pamoja na wageni kutoka Ulaya. Mwaka wa 1891 Wamisionari wa Moravian walijenga Rungwe, na mwaka wa 1894 wakashuka kujenga Ipyana, katika nchi tambarare iliyo karibu na ziwa. Baadaye kidogo alikuja Daktari Friedrich Fülleborn, mganga wa jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani. Alitembea katika nchi hizi mwishoni mwa karne ile, na mwaka wa 1906 kitabu chake juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma kilipigwa chapa huko Berlin pamoja na picha nyingi.

Kamera za safari za siku zile zilikuwa kama kasha, nazo zilisimamishwa juu ya miguu mitatu. Ndani yake hutiwa bamba la kioo lililopakwa dawa, bamba moja kwa picha moja. Mabamba hayo yalikuwa mazito, tena hupasuka upesi, na wapagazi ndio walioyachukua. Mtu aliyepigwa picha aliambiwa atulie asitikisike. Basi tuwaonapo wazee wetu wamekaza nyuso, tusidhani kuwa walikuwa wakali. Huenda walikuwa wakitii amri ya mpiga picha tu.

Mmoja wa walioipunguza kamera hata ikaenea mkononi alikuwa fundi wa Kijerumani, Oskar Barnack, wa kiwanda cha Ernst Leitz katika mji wa Wetzlar. Fundi huyu hakuwa na afya njema, na kuchukua kamera nzito kulimchosha. Yapata mwaka wa 1914 alitengeneza kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35. Vita vikazuia kazi. Mwaka wa 1925 kamera hiyo iliuzwa kwa watu kwa jina la Leica. Mwaka wa 1932 ikapata kipimo cha umbali kilichoungana na lenzi, na kamera ya namna hiyo ndiyo tuiitayo ya madirisha mawili.

Kazi yake ni hivi. Mbele ya kamera mna madirisha madogo mawili yaliyoachana kidogo. Sura ya mtu huingia kwa yote mawili, na vioo vya ndani huzikutanisha. Mpiga picha akichungulia huona sura mbili za mtu mmoja, moja kando ya nyingine. Hapo huizungusha lenzi polepole, na kioo cha ndani hugeuka pamoja nayo, hata sura zile mbili zikalaliana kabisa zikawa moja. Zikiwa moja, umbali umepatikana, na picha itatoka safi.

Kwa nini kamera hizi zapendwa hata leo, hali simu ya mkononi hupiga picha kwa kuguswa tu? Kwanza, nyingi katika zile za zamani hazihitaji betri. Chemchemi na magurudumu ya meno hufanya kazi yote, na fundi hodari aweza kuzifungua na kuzitengeneza hata baada ya miaka sabini. Pili, filamu moja ina picha 36 tu. Kwa hiyo mpiga picha hutazama na kufikiri kabla hajabonyeza. Tatu, hazina kelele nyingi, wala hazimshtui anayepigwa picha.

Kupendwa huko kumezaa biashara kubwa. Mwezi wa Juni, mwaka wa 2022, kamera moja katika zile za majaribio za mwaka wa 1923, iliyokuwa mali ya Barnack mwenyewe na yenye jina lake, iliuzwa katika mnada kwa euro milioni 14.4. Wako pia wadanganyifu wazipakao rangi ya dhahabu kamera za Kirusi na kuziandika jina la Leica. Tena wako wenye kuzinunua na kuzifungia katika mifuko ya ngozi wasizitumie kamwe. Watu wa Kyela, wajuao mvua zetu, hawatashangaa wakisikia kwamba kitu kilichofungiwa mahali penye unyevu huota ukungu. Lenzi nayo huota ukungu vivyo hivyo. Chungu cha Wakisi kikiwekwa rafuni chapendeza, walakini kilifinyangwa kipikiwe. Na kamera nayo iliundwa ipige picha.

Basi twarudi kwa yule mtu wa kando. Kamera ya Barnack ilipata bei ile kwa sababu jina lake limeandikwa juu yake. Lakini katika vitabu na hifadhi za Ulaya, wazee wetu wengi waliopigwa picha zamani wameandikwa kwa kabila lao tu: "mwanamume wa Kikonde," "mwanamke wa Kikisi." Sura iko, jina halipo. Wala tusiwalaumu wageni peke yao, maana hata picha za ukutani mwetu nyingi hazina jina nyuma yake.

Picha ni kama kamera ile ya madirisha mawili. Dirisha moja ni sura, la pili ni jina. Visipokutana, picha haijatimia, ijapokuwa ilipigwa kwa chombo cha bei kubwa namna gani.

Kwa hiyo twawasihi wanafunzi. Mrudipo nyumbani, ziteremsheni picha za ukutani, mkae na bibi na babu zenu, mwulize: huyu ni nani, mwana wa nani, wa kijiji gani, mwaka gani? Yaandikeni majibu nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, pasipo kukandamiza, kisha mziweke mahali pakavu. Fanyeni hivyo mwaka huu, maana wajuao majina hayo hawatakuwa nasi siku zote.